Kwa Nini Paka wa Kituoni Hukosa Mwenyewe

Asubuhi, mnada wa samaki unapokaribia kumalizika katika diko la Malindi, paka huwa wameshakaa mahali pao. Hawagombani kama mgeni anavyoweza kutarajia. Kila mmoja ana mparaji wake, na mparaji, bila ya kuinua macho, hutupa matumbo na matamvua ya changu upande ule ule aliotupa jana. Ukimwuliza paka yule ni wa nani, atakujibu kwamba ni wa hapa. Jibu hilo fupi linasaidia kufahamu jambo ambalo wanaoshughulika na wanyama Unguja hulieleza kwa uchungu, na mara nyingi kwa kulikosea: vituo vya kuhifadhi wanyama vimejaa paka, watu wanasema wanapenda paka, na bado paka hawachukuliwi.

Sababu mbili hutajwa mara kwa mara. Ya kwanza ni kwamba watu hawana huruma tena. Ya pili ni kwamba maisha yamekuwa magumu, na mtu asiye na uhakika wa mlo wake hawezi kuongeza tumbo jengine nyumbani. Zote mbili zina chembe ya ukweli, lakini hakuna hata moja inayofafanua kwa nini nyumba ile ile iliyomkataa paka wa kituoni ina paka watatu chini ya ngazi, wala kwa nini kituo hicho hicho hupokea maombi mengi mwezi wa Januari na kisha simu ikanyamaza masika yote. Ninavyoona mimi, wanaotaka paka Zanzibar hawajapungua. Wamegawanyika makundi, kila kundi lina njia yake na msimu wake, na njia iliyo pana kuliko zote haipiti kituoni kabisa.

Tuanze na neno. Baadhi ya fomu zinazotafsiriwa kutoka lugha za nje huandika kwamba paka "anaasiliwa", na sikio la Mzanzibari hugutuka. Kuasili ni neno la mahakamani, la mtoto wa mtu, na hata kwa mtoto wa mtu Waislamu wa visiwani hulitumia kwa hadhari, kwa kuwa mtoto wa mwengine hulelewa na kutunzwa lakini nasaba yake haibadilishwi. Paka hafanyiwi lolote katika hayo. Huwa mtu anamfuga, au kapewa, au, mara nyingi zaidi, kajiwa naye: alionekana siku moja barazani, akatupiwa kichwa cha samaki, siku ya pili akaingia ukumbini, na siku ya tatu alipokosekana watu wakaulizana yuko wapi. Wahenga walisema paka wa nyumba haingwa, yaani hafukuzwi, na methali hiyo inamchukua paka kuwa ameshakuwa wa nyumba, bila ya kushughulika na namna alivyoingia. Kwenda mahali, kujaza karatasi, kuhojiwa na kurudi na paka ndani ya kikapu ni desturi ngeni.

Dini nayo imo ndani ya jambo hili, na imo kwa undani kuliko wanavyodhani wanaotaja tu kwamba Waislamu hupenda paka. Katika hadithi iliyopokewa na Abu Daud, Tirmidhi na wengineo, Kabsha binti Kaab alimmiminia mkwewe, Abu Qatada, maji ya kutawadhia. Paka akaja, na Abu Qatada akakiinamisha chombo ili paka anywe. Alipoona mkwewe anamtazama kwa mshangao, alimweleza kwamba Mtume amesema paka si najisi, kwani ni miongoni mwa wanaowazungukia watu majumbani mwao. Linganisha na mbwa, ambaye katika madhehebu ya Shafi, yenye wafuasi wengi zaidi Zanzibar, chombo alichokilamba huoshwa mara saba, moja kati ya hizo kwa udongo. Kwa hiyo paka ana ruhusa ya kupita msikitini, jikoni na juu ya mkeka, na hakuna anayehitaji kuwa "mwenye paka" ili paka apite. Hadithi nyengine, iliyomo katika Bukhari na Muslim, inamtaja mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia, hakumlisha wala hakumwacha akajitafutia mwenyewe. Niliwahi kumsikia mzee mmoja akiitaja hadithi hii alipoambiwa kwamba paka anayempeleka nyumbani asitoke nje. Alirejesha kikapu. Mfanyakazi wa kituo alidhani mzee amekataa jukumu, ilhali mzee alikuwa akiliogopa.

Kuna pia suala la bei. Katika Sahihi Muslim imo hadithi ya Jabir inayokataza thamani ya mbwa na ya paka. Wanavyuoni wa Kishafi wameruhusu kuuza paka wa nyumbani, wakieleza kwamba katazo hilo linahusu paka wa mwituni, au kwamba ni la karaha tu, kwa sababu paka ni kitu cha kupeana na kuazimana. Fatwa ni moja na mazoea ni mengine: hata asiyejua lolote kuhusu hadithi hiyo anajua kwamba paka hupewa bure. Kituo kinapoomba mchango wa kurejesha gharama za chanjo na operesheni, msikilizaji husikia bei, na paka aliyeombewa bei huonekana ghali hata kama fedha inayotakiwa ni ndogo kuliko thamani ya sindano alizopigwa. Paka wa jirani, ambaye hajachanjwa, hajapewa dawa ya minyoo na atazaa kabla ya mwaka kwisha, huonekana rahisi.

Nilikuwapo siku moja katika kituo kimoja cha mjini alipoingia bibi mmoja mwenye duka la mchele na unga huko Jang'ombe. Panya walikuwa wamemtobolea viroba vitatu katika wiki moja, na alikuwa amebeba kapu la ukili lenye kifuniko, ishara ya mtu aliyekuja kuchukua na si kutazama.

"Nnataka dume, mwanangu," alisema baada ya salamu. "Jike mie sitaki, atanizalia juu ya viroba."

Kijana wa kituo alimwonesha jike mmoja wa rangi tatu, mweupe mwenye mabaka meusi na ya manjano, mwenye umri wa miaka miwili hivi. "Huyu bibi hazai tena, keshafungwa kizazi."

"Hazai?" Bibi aliinama, akamtazama paka kwa huruma, kisha kwa mashaka. "Basi panya ataweza huyo?"

Swali lake lilikuwa la maana kuliko yote yaliyokuwemo kwenye fomu. Kijana alimjibu sawasawa, kwamba uwindaji hautoki kwenye kizazi, kwamba paka huzaliwa na hamu ya kuwinda na hunoa ustadi wake kwa kumtazama mama yake, na kwamba jike aliyekulia sokoni huwa hodari kuliko dume aliyekulia kizimbani. Bibi alisikiliza mpaka mwisho, akasema atakwenda kufikiri. Baada ya wiki mbili nilipita dukani kwake nikakuta dume mdogo wa manjano amelala juu ya mzani. Alikuwa kapewa na jirani, na hakuwa amehasiwa.

Watu wa aina hii, ambao ni kundi la kwanza, ndio wengi, na takwimu za kituo haziwaoni kwa sababu wanakwisha nje ya mlango wake. Masharti yao yanajulikana: awe dume, awe mwindaji, asiwe mweusi kama inawezekana, kwa kuwa paka mweusi bado anahusishwa na majini na watu hawapendi kubahatisha. Madume ya manjano hupata wenyewe mapema zaidi, na hapa maumbile yana mchezo wake. Kinachotia rangi ya manjano kimo katika kromosomu ya X. Dume ana X moja tu, hivyo akirithi rangi hiyo kwa mama yake imetosha, lakini jike lazima airithi kutoka pande zote mbili ili awe wa manjano mtupu. Ndiyo maana paka wanne kati ya watano wa rangi hiyo huwa madume, na paka wa rangi tatu karibu wote huwa majike. Mtu anayechagua kwa rangi huwa keshachagua jinsia bila ya kujua, na vizimba vya kituo hubakia na majike ya rangi tatu na weusi wa jinsia zote.

Kufunga kizazi na kuhasi kungeweza kuiondoa hofu ya kufuga jike, na kwa muda mrefu niliamini kwamba ni suala la elimu tu. Si hivyo. Imamu Nawawi, ambaye maandishi yake yana uzito mkubwa kwa Mashafi, ameeleza kwamba kumhasi mnyama asiyeliwa ni haramu, akiwa mdogo au mkubwa, na kwamba mnyama anayeliwa, kama vile mbuzi, huruhusiwa akiwa bado mdogo. Mtu anayesitasita mbele ya daktari wa mifugo huenda anaifuata kauli hiyo kwa uaminifu, hata kama hawezi kuitaja jina. Mahanafi wameruhusu panapokuwa na manufaa, na baadhi ya wanavyuoni wa zama hizi wamesema hakuna ubaya iwapo paka wamekithiri wakawa udhia na operesheni yenyewe haimtesi mnyama. Siku hizi hufanywa akiwa amelazwa kwa dawa ya usingizi, jambo ambalo halikuwepo walipoandika wanavyuoni wa zamani. Mazungumzo haya yanafaa yafanywe na sheha na imamu wa msikiti wakiwapo. Vituo vingi huyaacha kwa sababu yanaonekana marefu, kisha hushangaa bango lenye picha ya paka anayetabasamu lisipofanya kazi.

Kundi la pili limezuka na mabadiliko ya makaazi. Sensa ya 2012 iliwahesabu watu 1,303,569 Zanzibar. Ile ya 2022 iliwahesabu 1,889,773. Sehemu kubwa ya ongezeko hilo imeangukia mjini na pembezoni mwake, katika nyumba zenye kuta ndefu, marumaru sakafuni na mageti yanayofungwa. Nyumba ya Mji Mkongwe ilimlea paka bila ya kukusudia: mapaa yake yalikaribiana kiasi cha paka kutoka Shangani mpaka Malindi akikanyaga chini mara chache tu, ua wake ulikuwa wazi, na mabaki ya chakula yalitoka jikoni yakiwa bado na harufu. Majumba ya Michenzani, yaliyojengwa baada ya Mapinduzi ya 1964 kwa msaada wa Ujerumani Mashariki, yalimweka mtu ghorofani na paka chini, lakini ngazi zilikuwa za wote na paka alizipanda. Fleti za leo zina mlango mmoja, na nyuma ya mlango huo paka hawezi kuwa wa mtaa. Anakuwa wa mtu mmoja, anakula chakula cha kununuliwa na kujisaidia kwenye sinia la mchanga ambalo lazima mtu alisafishe.

Vijana wanaoishi humo wanataka paka, na wanataka kwa dhati. Wameona paka wa watu kwenye simu zao, wanampenda aliye mchanga, mwenye manyoya mengi na macho makubwa, na wako tayari kulipa fedha kumpata. Hapa ile kanuni ya paka wa bure imevunjika bila ya kelele yoyote: paka wa kigeni mwenye manyoya huuzwa, tena kwa bei ambayo bibi wa Jang'ombe angenunulia viroba kadhaa vya unga. Kituo huwa kimejaa paka wa kawaida wenye manyoya mafupi, wengi wao wakubwa. Kijana anapofika huuliza kama kuna watoto, na kama wapo huchukua mmoja. Mara chache huchukua wawili, ingawa watoto wawili wa tumbo moja huzoea nyumba haraka zaidi na huacha kuguguna mikono ya watu kwa kuwa wana wa kugugunana naye.

Wengi wa paka wanaorejeshwa kituoni hutoka katika kundi hili, na sababu inayotajwa sana ni ndoa, au tuseme mimba. Mtu husikia kwamba mjamzito asikae nyumba moja na paka, na jamaa humshinikiza. Hofu hiyo haikuzuka hewani. Vimelea vya toksoplasma huzaliana katika utumbo wa paka, na mjamzito akivipata kwa mara ya kwanza wakati wa mimba mtoto aliye tumboni anaweza kudhurika. Lakini paka huvitoa kwenye kinyesi kwa wiki chache tu, kwa kawaida mara moja katika maisha yake, na vikishatoka huhitaji siku moja hadi tano kabla ya kuwa na uwezo wa kuambukiza. Sinia la mchanga likisafishwa kila siku, na mtu mwengine akalisafisha badala ya mjamzito, hatari hupungua sana. Nyama isiyoiva vizuri na mboga zisizooshwa ni njia kubwa zaidi za maambukizi. Pumu nayo hutajwa. Wapo ambao paka huwaamshia pumu kweli, na kinachowadhuru ni protini iliyomo kwenye mate na ngozi ya paka ambayo hukauka na kupeperuka, kwa hiyo kumnyoa paka, kama nilivyoona mtu mmoja amefanya, hakusaidii kitu ila kumfedhehesha paka.

Kundi la tatu ni wageni, na hili ndilo linalozichezesha takwimu kuliko yote. Tuwatenganishe kwanza wageni wakaazi na watalii. Mkaazi wa kigeni, mwenye mkataba wa kazi wa mwaka mmoja au miwili, huchukua paka kwa haraka, hata jike, hata mweusi, hata aliyepofuka jicho. Ni mwenyewe mzuri mpaka siku ya kuondoka. Mkataba unapokwisha, paka hurudi alikotoka, mara hii akiwa amezoea kulala kitandani na hajui tena namna ya kuishi na wenzake wa jalalani. Akichukuliwa tena, kwenye daftari atahesabika mara mbili kuwa amechukuliwa, na mara mbili kuwa amepokelewa. Anayesoma jumla ya mwaka ataona shughuli kubwa mahali ambapo paka ni yule yule.

Mtalii hana nia ya kukaa, lakini moyo wake hunaswa huko Paje, Jambiani au Nungwi na mtoto wa paka anayejisugua kwenye miguu ya kiti wakati wa chakula cha usiku. Hufika kituoni au hupiga simu, anataka kumchukua paka huyo nyumbani kwao, na ndege yake ni Jumamosi. Hapo ndipo sheria zinapoingia. Tanzania haimo katika orodha ya nchi ambazo Umoja wa Ulaya umezilegezea masharti ya kichaa cha mbwa, na paka anayetoka huku lazima kwanza atiwe chipu chini ya ngozi yenye namba yake ya tarakimu 15, kisha achanjwe akiwa ametimiza angalau wiki 12. Siku 30 au zaidi baada ya chanjo huchukuliwa damu na kupelekwa maabara iliyoidhinishwa, ambako kinga yake lazima ionekane kufikia uniti 0.5 kwa mililita. Matokeo mazuri hayamfungulii njia papo hapo: ni lazima miezi 3 ipite tangu siku damu ilipochukuliwa. Uingereza inadai utaratibu kama huo. Ukijumlisha, paka aliyezaliwa leo hawezi kuingia Ulaya kabla ya kukaribia umri wa miezi saba, na aliye mkubwa tayari atasubiri takriban miezi minne kutoka siku ya chanjo.

Miezi hiyo minne hukaa wapi? Kituoni, na hapo pana hesabu ambayo wengi hawaifanyi. Tuchukue mfano wa kituo chenye nafasi 40. Kila paka akikaa kwa wastani wa siku 30, kituo hicho kinaweza kupitisha paka 480 kwa mwaka wa siku 360. Wastani ukipanda kufikia siku 120, nafasi zile zile 40 zitapitisha paka 120 tu. Hakuna aliyejenga wala kubomoa chochote, huruma ya watu haijaongezeka wala kupungua, na uwezo wa kituo umebaki robo. Paka aliyepata mwenyewe Milano, ambaye kila mtu anamfurahia, anaziba kizimba kwa muda ambao paka wanne wa kupelekwa Mwanakwerekwe wangeweza kupita. Sisemi asichukuliwe. Nasema kwamba kituo kinachojisifu kwa idadi ya paka waliosafiri kinapaswa kuonesha pia siku walizokaa, na ikiwezekana kiwaombe wakaazi wa mjini wawatunze majumbani mwao wakati wa kusubiri, kwa gharama ya anayewasubiri.

Msimu wa wageni ndio unaotoa msimu wa paka, na katika hili Zanzibar inatofautiana na nchi zilizoandika vitabu vingi vya kuendesha vituo. Huko kaskazini, jike huingia joto, yaani hutaka dume, mchana unaporefuka. Katika jiji la London mchana mrefu wa Juni unazidi ule mfupi wa Disemba kwa zaidi ya saa nane, kwa hiyo watoto wa paka hufurika kuanzia majira ya kuchipua na hupungua wakati wa baridi, na vituo hujua lini vijiandae. Unguja iko takriban digrii 6 kusini ya ikweta, na tofauti ya mchana mrefu na mfupi haifiki hata saa moja. Jike hana cha kumsimamisha. Anaweza kuanza kuzaa kabla ya kutimiza mwaka mmoja, mimba yake huchukua siku 63 hadi 65, na anaweza kushika mimba nyengine hali bado ananyonyesha. Watoto huzaliwa mwaka mzima. Kinachobadilika ni chakula, yaani nani yupo wa kuwatupia, na kwa hiyo wangapi watapona.

Hesabu inayozunguka kwenye simu, kwamba jike mmoja na kizazi chake wanaweza kufikia paka laki kadhaa katika miaka saba, ni ya kutisha watu tu, kwa sababu inachukulia kwamba hakuna mtoto anayekufa. Utafiti uliofanywa North Carolina na kuchapishwa 2004 uliwafuatilia watoto wa paka wasio na wenyewe ukaona robo tatu yao wamekufa au kupotea kabla ya miezi sita. Katika hoteli za pwani, kuanzia Juni hadi Oktoba na tena kuanzia Disemba hadi Februari, sahani za wageni huwalisha paka ambao vinginevyo wasingefika miezi hiyo sita. Kisha masika hushuka Machi, baadhi ya hoteli hufunga, majiko huzimwa, na paka waliopona kwa ukarimu wa watu waliokwishaondoka hubaki chini ya makuti yanayovuja. Simu za wanaotaka kituo kiwachukue paka hao huanza kulia wakati ule ule ambapo hakuna mtalii wa kuwataka.

Mwaka 2020 uliyaonesha haya yote kwa pamoja. Zanzibar ilikuwa imepokea watalii zaidi ya 500,000 mwaka 2019. Mwaka uliofuata, maradhi ya korona yaliposimamisha ndege, idadi ilishuka hadi kama 260,000. Uingereza na Marekani watu walijifungia majumbani na wakatafuta wanyama wa kukaa nao. Huku kwetu wageni wakaazi waliondoka kwa ndege za mwisho, na hoteli za pwani ya mashariki zilikaa tupu huku paka wakiwa bado wamo. Aliyesoma habari za nje wakati ule angedhani kwamba korona ilikuwa neema kwa paka. Utalii umerudi na kupita ulipokuwa, zaidi ya 638,000 mwaka 2023 na zaidi ya 700,000 mwaka 2024, na pamoja nao zimerudi sahani za usiku na simu za Jumamosi.

Kuhusu kinachofaa kufanywa, mambo mengi ni ya kawaida na hayahitaji maneno mengi. Kuwakamata paka wa mahali pamoja, kuwafunga kizazi, kuwachanja, kuwakata ncha ndogo ya sikio ili watambulike na kuwarudisha pale pale ni njia inayopunguza kuzaliana, sharti ifikie sehemu kubwa ya kundi, robo tatu au zaidi, na irudiwe. Ikifanywa kwa paka kumi sokoni na kumi hotelini, waliobaki huzijaza nafasi upesi. Kuwahamisha wote huwaita wengine kutoka mtaa wa pili maadamu chakula kipo. Lakini kilicho rahisi zaidi, na ambacho sijaona kikijaribiwa kwa nguvu, ni kuubadilisha mlango wa kituo ufanane na namna watu wanavyopata paka. Bibi wa Jang'ombe asingehitaji fomu. Angehitaji jike wa rangi tatu apelekwe dukani kwake siku kumi kwa majaribio, alale juu ya viroba, na maswali ya nyumba yenye uzio yaachwe kwa wenye uzio. Na jirani mwenye dume wa manjano angehitaji mtu wa kumfuata na kumwambia kwamba operesheni itafanywa bure Jumapili, paka atarudi jioni, na hakuna anayetaka kumchukua paka wake.

Mwisho wa Februari nilipita tena kituoni. Vizimba viwili vilikuwa na karatasi zenye tarehe za kuchukuliwa damu, na yule jike wa rangi tatu alikuwa katika kimojawapo. Ametakiwa na mtu wa Ujerumani aliyemwona kwenye picha, na kwa hesabu ya karatasi hatoondoka kabla ya mwisho wa Mei. Kijana alikuwa akikosha kizimba cha tatu, ambacho kilikuwa kitupu. Nilimwuliza kama kuna anayetegemewa. Alitazama nje, ambako wingu lilikuwa limeanza kuwa zito upande wa mashariki, akasema kwamba hoteli moja ya Paje imeshapiga simu.